Uliigiza Utotoni, Sasa Unataka Kuongoza Filamu

Kama uliigiza ukiwa mtoto, kuna watu ambao mpaka leo wanakuita kwa jina la mhusika. Wanakusimamisha stendi au sokoni, wanashangaa ulivyokua, wanauliza ulipotelea wapi. Watoto wa Machachari, kipindi kilichorushwa na Citizen TV nchini Kenya, walikua machoni pa nchi nzima. Dar es Salaam nako wako waliolelewa na michezo ya kuigiza ya televisheni, enzi zile kundi la Kaole lilipokuwa likizikusanya familia mbele ya runinga jioni. Mwongozo huu ni wako wewe uliyekuwa mmoja wa watoto hao, au uliyeigiza matangazo mawili ya sabuni na filamu moja tu, na sasa unataka kutengeneza filamu zako mwenyewe kwa pesa kidogo, bila kituo cha televisheni wala kampuni kubwa nyuma yako.

Nianze na lile ninaloliona zito kuliko yote. Mtoto anayeigiza hufunzwa utii. Huambiwa asimame wapi, atazame wapi, alie saa ngapi, na akitekeleza upesi bila maswali husifiwa kwamba ni mtoto wa kazi. Miaka inapita hivyo, na jina lake linajengwa juu ya uwezo wa kumridhisha mtu mzima mwenye skripti mkononi. Mwongozaji anahitaji uwezo wa aina nyingine kabisa: kuamua, tena na tena kutwa nzima, mbele ya watu waliochoka, huku baadhi yao wakiona wazi kwamba ameamua vibaya. Kamera utaijua, lenzi utazijua, programu ya kuhariri utaizoea. Kinachowakwamisha wengi waliotoka utotoni kwenye seti ni kungoja mtu awape ruhusa. Kwa hiyo karibu kila ninalokushauri hapa chini linalenga kukuzoesha kuamua, kwanza katika mambo madogo, kisha katika makubwa.

Hesabu mali uliyo nayo

Una saa nyingi za seti, na hizo hazinunuliwi. Unajua kwamba sehemu kubwa ya siku ni kungoja. Unajua sauti ya mtu mzima aliyepoteza subira inavyomwingia mwigizaji mwilini. Unasikia papo hapo neno linaposemwa kwa uongo, hata kama huwezi kueleza kwa nini. Kijana aliyetoka chuoni anaweza kuzijua lenzi zote na bado asijue la kumwambia mwigizaji aliyeganda kwenye teki ya tisa. Wewe umewahi kuwa huyo aliyeganda.

Usichokijua ni kinachotokea kabla hujafika na baada ya kuondoka. Mtoto hufika seti wakati taa zimeshawashwa, huondoka mara sehemu yake ikiisha. Hakuona bajeti ikikatwa, hakuona skripti ikiandikwa upya kwa mara ya sita, hakukaa na mhariri usiku akitafuta shoti ambayo hakuna aliyekumbuka kuipiga. Huko ndiko unakopaswa kwenda kwanza.

Una pia jina, na jina ni mtaji unaopungua kila mwaka. Tazama alivyoutumia Ron Howard wa Marekani. Aliigiza katika The Andy Griffith Show tangu 1960 hadi 1968, akakua nayo, kisha kuanzia 1974 akawa nyota wa Happy Days. Alitaka kuongoza filamu na hakuna aliyekuwa na haraka ya kumpa nafasi. Roger Corman, mtayarishaji aliyesifika kwa filamu za bei rahisi, alimhitaji aigize katika Eat My Dust! ya 1976. Howard aliigiza, na makubaliano yao yakamfungulia mlango wa kuongoza. Mwaka 1977 ikatoka Grand Theft Auto, aliyoiongoza kabla hajafikisha miaka 24, akaiandika pamoja na baba yake Rance, na akaigiza humo mwenyewe. Si filamu kubwa. Lakini alilipwa kwa kiti cha mwongozaji, na kiti hicho ndicho kilichomfikisha kwenye Oscar ya uongozaji kwa A Beautiful Mind.

Kwa hiyo mtayarishaji wa tamthilia akikupigia simu kwa sababu watazamaji bado wanakukumbuka, usizungumzie malipo peke yake. Omba kukaa chumba cha kuhariri kwa vipindi vyote utakavyoigiza. Omba kuongoza kipindi kimoja. Omba kamera na taa kwa wikendi mbili baada ya msimu kuisha. Chochote mtakachokubaliana kiingie kwenye mkataba, kwa sababu ahadi za seti husahaulika siku ya kufungasha vyombo.

Fanya kazi zisizo na makofi

Kabla ya kuongoza, tafuta kazi mbili ambazo jina lako halikusaidii chochote.

Ya kwanza ni kutunza mfuatano, ile watu wa seti wanayoiita kontinuiti. Mtu huyu huandika kikombe kilishikwa kwa mkono gani, mkono wa shati ulikunjwa mpaka wapi, teki ilichukua sekunde ngapi, na mwongozaji aliipenda ipi. Kwa kuwa hukaa karibu na mwongozaji siku nzima, husikia kila uamuzi ukizaliwa na kila uamuzi ukijutiwa. Sijui darasa lililo bora kuliko hilo.

Ya pili ni kumsaidia mhariri. Panga faili, oanisha sauti na picha, weka alama kwenye teki. Baada ya mwezi mmoja utaacha kuzungumzia shoti nzuri na utaanza kuuliza: nikitoka kwenye uso huu naingia wapi? Mwongozaji anayeuliza swali hilo akiwa bado seti huokoa pesa na usingizi wa watu wengi.

David Tosh Gitonga alikuwa msaidizi wa mwongozaji kabla ya kupewa Nairobi Half Life ya 2012, filamu ya kwanza ambayo Kenya iliiwasilisha kuwania Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Filamu hiyo ilitokana na warsha za One Fine Day Films jijini Nairobi, ambazo kabla yake zilitoa Soul Boy ya Hawa Essuman na baadaye Supa Modo ya Likarion Wainaina. Kampala, mwongozaji Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab kwa ajili ya vijana wa Afrika Mashariki wanaoandika na kuongoza. Fuatilia warsha za namna hiyo. Na ukikubaliwa, nenda kama mwanafunzi na uache jina la televisheni mlangoni. Sarah Polley wa Kanada alikuwa ameigiza tangu utotoni, tena alikuwa amesifiwa sana kwa The Sweet Hereafter ya 1997, lakini alitengeneza filamu fupi kuanzia 1999 na kusomea uongozaji katika Canadian Film Centre mjini Toronto. Filamu yake ndefu ya kwanza, Away from Her, ilitoka 2006. Miaka saba hivi ya kufanya mambo madogo, wakati tayari angeweza kuishi kwa uigizaji.

Filamu ya kwanza: nyumba moja, watu watatu

Iwe fupi. Dakika nane hadi kumi na mbili zinatosha kuonyesha kama unajua kusimulia, na waandaaji wa matamasha hupata nafasi ya kuipanga kwa urahisi zaidi kuliko ya dakika thelathini. Waigizaji wasizidi watatu, mahali pasizidi pawili, na matukio mengi yawe mchana.

Hadithi itoke karibu. Samira Makhmalbaf wa Iran aliigiza akiwa mtoto mdogo katika The Cyclist, filamu ya baba yake Mohsen, na akiwa na miaka 17 akaongoza The Apple, iliyoonyeshwa Cannes mwaka 1998. Chanzo kilikuwa habari ya kweli ya mjini Tehran: mabinti wawili waliofungiwa ndani ya nyumba na baba yao tangu utotoni. Samira aliiendea familia yenyewe, wakajiigiza. Nyumba moja, geti moja, mtaa mmoja. Angalia mtaa wako kwa macho hayo. Fundi cherehani anayeishi dukani, ndugu wawili wanaogombania kiwanja cha marehemu, dada wa kazi anayesubiri mshahara wa miezi mitatu: hadithi hizo zina nguvu, na maeneo yake utayapata bila kodi.

Usiigize humo. Najua Xavier Dolan wa Québec aliandika, akaongoza na kuigiza J'ai tué ma mère, na Jodie Foster aliigiza katika Little Man Tate, filamu yake ya kwanza kuiongoza, mwaka 1991. Hao walifanikiwa. Bado nakushauri ukae nyuma ya kamera, kwa sababu ukisimama mbele yake mwili wako utarudi kwenye kazi unayoijua, utaanza kutafuta macho ya mtu wa kukuambia umefanya vizuri, na mtu huyo hayupo. Filamu ya pili, ukipenda, ingia.

Kuhusu vifaa, usijicheleweshe. Sean Baker alipiga Tangerine kwa simu za iPhone 5s na ikazinduliwa Sundance mwaka 2015. Simu nzuri ya rafiki, lenzi safi na stendi imara vinatosha kuanzia. DaVinci Resolve ina toleo la bure linalohariri, kusahihisha rangi na kuchanganya sauti.

Mwanga ujue ulivyo kwetu. Karibu na ikweta jua la saa sita liko juu ya kichwa, macho ya mwigizaji yanazama kwenye kivuli cha paji la uso, na ngozi nyeusi inang'aa sehemu moja huku nyingine ikipotea. Piga nje asubuhi mpaka saa nne, kisha rudi nje kuanzia saa kumi. Katikati ingia ndani, karibu na dirisha au mlango, au chini ya baraza ambako mwanga umeshalainika. Machweo yetu ni mafupi. Ukipanga tukio zima la jioni kwa mwanga wa jua linalozama, utapata shoti mbili na giza litakuwa limeingia. Tukio la namna hiyo lipasue kwa jioni mbili au tatu.

Sauti ndiyo inayoua filamu ndogo. Mtazamaji husamehe picha yenye chembechembe, lakini sauti ya mwangwi humchosha ndani ya dakika moja. Ukiwa na pesa ya kumlipa mtu mmoja tu, mlipe mtu wa sauti. Nenda eneo lako saa ileile utakayopigia, siku ileile ya wiki, ukae kimya nusu saa usikilize: bodaboda, jenereta, msikiti, shule, bati linapopata joto. Zima friji, na uweke funguo za gari ndani yake ili usisahau kuiwasha wakati wa kuondoka. Kila mkimaliza tukio, watu wote wanyamaze, mrekodi ukimya wa chumba kile kwa nusu dakika. Mhariri ataushukuru ukimya huo anapounganisha sentensi za teki mbili tofauti.

Pesa

Dolan alianza matangazo ya biashara akiwa mdogo sana, na akiba ya miaka hiyo ndiyo iliyoanzisha filamu yake ya kwanza. Msaada wa serikali ya Québec ulikuja baadaye. Mwaka 2009, akiwa na miaka 20, aliipeleka Cannes katika Directors' Fortnight na kurudi na tuzo tatu. Kama wazazi wako walikuwekea kitu, huo ni mtaji mwema wa kuanzia. Kama hawakukuwekea, hauko peke yako: Jackie Coogan, mtoto wa The Kid ya Chaplin ya 1921, aligundua akiwa mtu mzima kwamba mamilioni aliyoyachuma yalikuwa yamekwisha kutumiwa. Kesi yake ndiyo iliyosababisha jimbo la California kupitisha sheria ya 1939 ya kulinda kipato cha watoto wasanii, na leo sheria hiyo inataka asilimia 15 ya malipo ya mtoto iwekwe kando mpaka akue.

Bajeti ya filamu fupi ipange hivi: kwanza chakula na nauli, kisha mtu wa sauti, kisha diski mbili za kuhifadhia, kisha eneo, na kamera iwe ya mwisho. Watu watakufanyia kazi kwa malipo madogo, hata bure kwa siku mbili, kama wanakula vizuri kwa wakati na wanafika nyumbani salama usiku. Wakila mandazi makavu saa tisa alasiri, siku ya pili hutawaona.

Sisi tunajua kuchangishana. Kamati inayoendesha harusi inaweza kuendesha filamu: mwenyekiti, mweka hazina, kundi la WhatsApp, ahadi zenye tarehe. Tofautisha tu mchango na uwekezaji, na uandike. Anayechanga anashukuriwa kwenye majina ya mwisho. Anayewekeza anatarajia faida, na ni nadra filamu fupi kurudisha pesa, kwa hiyo mwambie hivyo kabla hajatoa. Mikopo ya simu usiiguse kwa ajili ya filamu.

Na ukifika kwenye filamu ndefu, jiandae kwa safari. Brady Corbet, aliyekuwa mwigizaji kijana katika Thirteen na Mysterious Skin, alihangaika miaka saba mpaka The Brutalist ikakamilika. Iligharimu chini ya dola milioni 10, kiasi kidogo sana kwa filamu ya zaidi ya saa tatu, na mwaka 2024 ikampa tuzo ya uongozaji bora Venice.

Kumwongoza mwigizaji

Hapa ndipo unapoweza kuwazidi wengi, na hapohapo ndipo utakapojikwaa, kwa sababu utatamani kuonyesha.

Mwigizaji akikosea, mwili wako utataka kuruka mbele na kusema, "Hebu tazama, fanya hivi." Ukifanya hivyo atakuiga, na kuiga kunaonekana kwenye kamera. Badala yake mpe kitu cha kutaka. Ukimwambia mama "uwe na huzuni," atakunja uso. Ukimwambia, "Unataka mwanao atoke nje kabla baba yake hajarudi, lakini hutaki ajue kwamba unaogopa," utapata mikono inayokunja nguo haraka mno, jicho linalokwenda mlangoni, sauti ya kawaida kupita kiasi. Hayo hukuyaagiza, yamekuja yenyewe. Zoea kuandika pembeni ya kila tukio kwenye skripti yako: nani anataka nini kutoka kwa nani, na kinachomzuia ni nini. Kama huwezi kuandika, tukio halijawa tayari.

Fanya mazoezi kabla ya siku ya kupiga. Someni mkiwa mmeketi, bila kuigiza, mpaka maneno yanayowakwama mdomoni yajulikane, kisha uyabadilishe. Kiswahili cha skripti nyingi ni cha gazeti. Mtu wa Tandale au wa Majengo hasemi hivyo. Mwigizaji akikuambia, "Mimi hili ningelisema hivi," msikilize.

Sahihisha kwa siri. Nenda alipo, inama, sema sentensi moja, ondoka. Ukipaza sauti kutoka nyuma ya monita, seti nzima inajua amekosea na teki inayofuata itakuwa ya woga. Ukisema "kata," mtazame yeye kwanza kabla ya kutazama skrini. Unaukumbuka ukimya ule wa baada ya teki, watu wazima wote wamegeukia monita na hakuna anayekuambia lolote. Usimfanyie mwenzako.

Kisha kuna wazee. Pengine utamwongoza mtu aliyeigiza baba yako ulipokuwa na miaka minane, ambaye ukimwona unasema shikamoo kabla hujafikiri. Iseme. Heshima haikupunguzii kiti. Ila uamuzi ubaki kwako, na namna ya kuufikisha ni kumchukua pembeni kabla ya siku ya kazi na kumweleza filamu inataka nini, ili seti isiwe mahali pa kubishana. Siku yenyewe useme kwa upole na kwa ukamilifu: "Baba, teki hii naomba usimtazame kabisa mpaka aondoke." Ukisema "labda tungejaribu, kama hutajali," umeshampa yeye filamu. Na akija na wazo lililo bora kuliko lako, lichukue mbele ya watu na umshukuru mbele ya watu.

Mafundi wanaokujua tangu ukiwa mdogo watakuita "mtoto wetu." Wanakupenda, na wanakushusha bila kukusudia. Tafuta msaidizi wa mwongozaji mwenye sauti na saa, asiyekufahamu utotoni, anayekuita dairekta na kuwaambia watu ratiba inasema nini. Huyo akiendesha muda, wewe utabaki na nafasi ya kufikiri.

Mtoto akiwa kwenye seti yako

Siku moja utamweka mtoto mbele ya kamera, na siku hiyo itapima kama ulijifunza chochote.

Mwaka 1931 Jackie Cooper, mtoto wa miaka minane, alihitajika kulia katika filamu ya Skippy. Mwongozaji, Norman Taurog, ambaye alikuwa mjomba wake, alimtisha kwamba mbwa wake angepigwa risasi. Mtoto alilia, Taurog akapata Oscar. Cooper alikua, akawa mwongozaji wa televisheni mwenye tuzo mbili za Emmy, na alipoandika kumbukumbu zake miaka 50 baadaye alizipa jina lenye kumsihi mtu asimuue mbwa wake. Sarah Polley naye ameandika hadharani jinsi milipuko ya seti ya The Adventures of Baron Munchausen ilivyomjaza hofu alipokuwa mdogo. Alipofikia kuongoza Women Talking ya 2022, alifupisha saa za kazi na kuweka mtaalamu wa afya ya akili kwenye seti. Filamu hiyo ikampa Oscar ya uandishi. Anayesema ukatili unaleta sanaa hana ushahidi.

Mzazi au mlezi akae mahali ambapo mtoto anamwona. Saa za mtoto ziwe chache na zijulikane na wote; kazi ya usiku iepukwe, na kama haiepukiki, iishe mapema. Shoti za uso wake zipige kwanza, akiwa bado na nguvu, na za mbali baadaye. Masomo yasiguswe, panga likizo au wikendi. Kama tukio lina ugomvi au msiba, mwonyeshe mapema kwamba damu ni rangi na kwamba mjomba anayempiga ni rafiki yake wa chakula cha mchana. Akikataa kulia, badilisha tukio: mtoto anayejizuia kulia huwaumiza watazamaji zaidi. Malipo yake yaingie kwenye akaunti yenye jina lake. Tanzania ina Sheria ya Mtoto ya 2009 na Kenya ina Sheria ya Watoto ya 2022, na zote mbili zinakataza kazi ya unyonyaji kwa mtoto. Zisome kabla ya kuandika mkataba na mzazi.

Karatasi

Hili fupi, lakini limefukia filamu nyingi nzuri. Tanzania, kupiga filamu na kuionyesha hadharani kunapitia Bodi ya Filamu. Kenya, kuna Kenya Film Classification Board kwa uainishaji. Uliza masharti na ada za sasa mapema, pamoja na ruhusa ya serikali ya mtaa au kaunti. Kila mwigizaji atie sahihi kukubali picha na sauti yake kutumika. Mwandishi wa skripti, kama si wewe, atie sahihi. Mwenye nyumba atie sahihi. Wimbo wa rafiki yako unahitaji karatasi sawa na wimbo wa msanii mkubwa, na kama ni wimbo uliosikika kwenye redio, usiutumie mpaka uwe na ruhusa ya maandishi. Sajili kazi yako kwenye ofisi ya hakimiliki: COSOTA kwa Tanzania, KECOBO kwa Kenya.

Ukimaliza

Hifadhi filamu kwenye diski mbili zinazokaa nyumba mbili tofauti. Tengeneza tafsiri ya maandishi ya Kiingereza, na ya Kifaransa kama unalenga Afrika Magharibi. Usiiweke YouTube kwanza, kwa sababu matamasha mengi yanataka filamu ambayo haijaonwa na umma.

Anzia ZIFF, tamasha la filamu la Zanzibar, ambako watazamaji wa Kiswahili watacheka mahali panapostahili. FESPACO ya Ouagadougou, iliyoanza 1969, hufanyika kila baada ya miaka miwili. Durban ina tamasha na soko la miradi. Clermont-Ferrand nchini Ufaransa ni mahali pakubwa pa filamu fupi. Usidharau dakika chache: Watu Wote, filamu ya dakika 22 iliyopigwa Kenya kwa Kiswahili na Kisomali na wanafunzi wa chuo cha Hamburg, iliteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018. Mwongozaji wa Tanzania Amil Shivji alipitia filamu fupi, kisha T-Junction, iliyofungua ZIFF ya 2017, kabla ya kuleta Vuta N'Kuvute kutoka riwaya ya Adam Shafi, ambayo mwaka 2021 ilifika Toronto.

Waandishi wa habari watakuja kwa sababu ya sura yako ya utotoni. Wajibu swali moja la zamani, kisha waambie jina la mpiga picha wako, la mtu wa sauti na la mhariri. Watayarishaji husoma habari hizo kutafuta watu wanaojua kufanya kazi na wengine.

Skripti yako ikifika kurasa kumi, acha kuionyesha kwa watu ili wakuambie iko tayari. Chagua wikendi mbili kwenye kalenda, mpigie simu mtu wa sauti umwulize kama ana nafasi, halafu mwambie wewe ndiye dairekta.